Tupeane uzoefu: "Ukuti ukuti" na vishawishi, tulielewa vibaya?

Mama wa Pasua
Wadau, salaam kutoka Moshi. Wote tumeimba: ukuti ukuti, wa mnazi wa mnazi, ukipata upepo, watete watete watetemeka. Tumeshikana mikono kwenye duara, vumbi tupu, na mnazi wenyewe tunaujua kwa picha ya kitabuni, maana huku kwetu ni migomba. Mwalimu wa sande skuli akatuambia ukuti ni mtu wa imani haba: shetani akipuliza tu, anatetemeka. Nikakua nikijua kutetemeka kwenyewe ni nusu ya dhambi.

Mwaka juzi sanduku la kikoba lilikaa kwangu. Kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, mimi mmojawapo. Mmoja akaenda msibani, akaniachia wake. Wa pili anauguza, akasema, "Kaa nao dada, tutaonana Jumamosi." Na mimi nadaiwa ada ya mtoto. Usiku nikafungua kufuli mbili. Ya tatu, mkono ulitetemeka mpaka ufunguo ukawa unagonga bati. Nikafunga zote.

Asubuhi nikajiona mdhambi. Lakini wimbo umesema wapi kwamba ukuti ulianguka?

Mtanga wa Arusha
Mimi nimekulia chini ya minazi. Kuti bichi upepo wa kusi unalichapa kutwa nzima, linayumba weee, halitoki. Kavu linaporomoka hata pakiwa shwari, na ole wako uwe chini yake. Unafikiri kwa nini tunasema fulani kakalia kuti kavu?

Nilikuwa mtunza stoo ya mbolea. Mfuko wa kwanza niliouza kwa mlango wa nyuma, nilitetemeka. Wa sita napiga mluzi. Wa saba wakanidaka.

Mzee Kiboriloni
Msigeuze tetemeko kuwa utakatifu. Mama, kufuli mbili ulifungua.

Kijana wa Marangu
Mbona Wachaga tuna jani letu, sale? Linapandwa mpakani mwa kihamba, yaani shamba la nyumbani, na ndilo linalobebwa kwenda kuomba msamaha. Mimi niliuza mbuzi wa baba, hela nikanywea mbege na marafiki. Nikakimbilia Arusha, miezi minne sirudi, simu sipokei. Baba mdogo akanifuata, akanirudisha nyumbani na sale mkononi. Njia nzima jani linacheza, na hapakuwa na upepo.

Baba akalipokea, kimya. Halafu akauliza mbuzi nilimuuza bei gani. Nikamtajia. Akasema, "Walikupunja," akaingia ndani. Mama akaleta kiti.

Mama wa Pasua
Mzee, umenishika pabaya. Jumamosi ile nilirudisha funguo, tukahesabu, hela zikatimia, nikapigiwa makofi kwa uaminifu. Habari ya zile mbili sijamwambia mtu hadi leo.

Wa Marangu, hilo sale ni lazima litoke kihambani kwenu, au hata la kwenye ua wa jirani hapa mjini linafaa?