MREJESHO: Yale majengo ya nyuma ya reli yamekubali

Wakuu nimerudi. Kwa ambao hawakuona, niliuliza ntajazaje mji nyuma ya reli yangu ya modeli (treni ndogo za mfano) kwenye ubao wa sentimita 120 kwa 40, nataka ifanane na reli ya kati pale Dar, ile ya zamani yenye upana wa mita moja waliyoanza Wajerumani 1905, sio SGR.

Kwanza kipimo. Nilikuwa nang'ang'ania HO, kipimo cha modeli cha 1:87 (kila kitu kimepunguzwa mara 87), kumbe reli zake zenye upana wa milimita 16.5 ni pana mno kwa reli ya mita moja. Yule aliyesema nihamie 1:120 na nitumie reli za N (aina nyingine ya modeli, ndogo kuliko HO) za milimita 9 ubarikiwe sana mkuu, hesabu kamili, mita moja ukigawa kwa 120, ni milimita 8.3 ila kwa macho huoni kitu.

Majengo nimetengeneza ukuta wa mbele tu, kina sentimita 3, nikayabana kwenye ubao wa nyuma kama magodauni yaliyoipa reli mgongo, na ya nyuma kabisa nimeyapunguza kidogo basi jicho linadanganyika linaona mji unaendelea. Mabati ni foili ya jikoni nimeikandamiza kwenye nyuzi za boliti, kutu ni rangi ya kahawia iliyozimuliwa.

Kilichonitesa ni boksi nililotengenezea kuta, ukuta wa kwanza nimepaka rangi ya maji ukajikunja kama chapati. Nikarudia, safari hii nikapaka na upande wa ndani, ukatulia. Wife analalamika foili imeisha 😂

Taa bado, nikizifunga ntaweka picha.