Paka anarudishwa ndani ya mfuko wa salfa, halafu naambiwa "chukua jini lako" mbele za watu!

Mlezi wa Nyau (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni, ingawa kwangu jioni hii haina habari njema hata moja. Naandika mkono unatetemeka. Mkiona herufi zimeruka, jueni ni hasira, simu haina kosa.

Jina simtaji. Mnamjua. Mtwara yote inamjua, ng'ambo ya Msangamkuu wanamjua, hata samaki pale feri wanamjua kwa jinsi anavyowabonyeza macho kila asubuhi halafu hanunui. Ndiye yule yule wa sufuria za msiba. Inatosha.

Mnajua mimi nyuma ya nyumba nina kibanda cha paka waliotupwa. Watu wanahama, wanabeba mpaka fagio na kifuniko cha mtungi, paka wanamwacha mlangoni. Sasa kati ya hao kuna kijana mmoja, dume, mweupe pee, hajatimiza mwaka, namwita Mwendokasi. Huyu mtoto kutembea hajui, anajua kukimbia tu. Akipanda pazia anashuka nalo. Akiuona mkia wake mwenyewe anaukimbiza mpaka Naliendele na kurudi. Hana ubaya na mtu, hang'ati, hakwaruzi kwa makusudi, ila nguvu alizopewa ni za paka wanne na bado chenji inabaki.

Kwa hiyo namtafutia nyumba inayomfaa. Sio kila nyumba. Nilimwambia huyo mheshimiwa kwa mdomo wangu huu, amekaa barazani kwake anakuna nazi: mama, huyu ni machepele. Anataka mtu wa kucheza naye asubuhi na jioni, na kama kuna paka mwenzake wa rika lake ndiyo raha zaidi. Ukimfungia peke yake atakumaliza. Akanijibu, hata nazi hakuiacha, "Lete mwanangu, mimi paka nimewalea kabla hujazaliwa." Nikapeleka. Chanjo ya kichaa keshachomwa, kuhasiwa keshahasiwa, vyote kwa hela yangu, yeye kazi yake ilikuwa kupokea tu.

Sasa leo. Watu wametoka kuswali magharibi, baraza limejaa, watoto wa chuo wamesimama na juzuu zao. Bodaboda inasimama mlangoni kwangu. Kijana anashusha mfuko wa SALFA. Wakuu, salfa! Ile ya kupulizia mikorosho, mfuko wa kilo 25, umefungwa mdomo kwa kamba ya katani. Na mfuko unaruka. Nyuma ya bodaboda anashuka yeye mwenyewe, mtandio umekaa upande, ananinyooshea kidole mbele ya halaiki: "Chukua jini lako!"

Jini. Langu. Mbele ya watoto wa chuo, ambao tangu saa ile wakipita getini kwangu wanasoma Ayatul Kursi na kuongeza mwendo.

Nikafungua ule mfuko. Paka katoka WA NJANO. Paka wangu ni mweupe, wakuu. Kaingia kwake mweupe, kanirudia njano tupu, anapiga chafya, macho yanachuruzika, karuka juu ya mwembe na mpaka naandika hapa hajashuka. Yuko juu kule, giza limeingia, ananguruma na rangi yake ya njano, watoto wamepata ushahidi kamili.

Kumbe alikuwa anamfungia stoo kutwa nzima na magunia eti amkamatie panya, halafu saa kumi na moja alfajiri anamfungulia na kushangaa kwa nini paka anakimbia darini. Hata wewe ukifungiwa kutwa na magunia ya korosho alfajiri utakimbia darini!

Na bado akanidai pazia. Pazia lenyewe limenunuliwa enzi Nyerere bado anafundisha Pugu.

Wenzangu huuziwa mbuzi kwenye gunia. Mimi nimerudishiwa paka kwenye mfuko wa salfa. "Chukua jini lako"! Mtu mzima! Mwenye wajukuu!

Mwana wa Mikindani

Nimeshika siti ya mbele na bisi zangu. Endelea, mkuu.

Kangomba Mstaafu

Yaani umetukusanya wote hapa kwa ajili ya paka? Watu tuna marejesho kesho asubuhi.

Binti Rahaleo

Pole sana mpenzi. Mimi uliposema sufuria za msiba tu nikafunga simu nikacheka kwanza. Ni yule wa geti la kijani?

Mlezi wa Nyau

Sijataja geti.

Binti Rahaleo

La kijani basi.

Pweza wa Kukaanga

Mimi najua ni nani na hana geti kabisa, ana makuti. Yule wa karibu na mashine ya kusaga.

Binti Rahaleo

Huyo wa mashine ni mwingine, huyo kesi yake ni kuku.

Mkwe Mvumilivu

Subirini kidogo. Huyo mama anavaa miwani ya jua juu ya mtandio hata usiku?

Mlezi wa Nyau

Narudia, sijamtaja mtu.

Mkwe Mvumilivu

Ni mama mkwe wangu. Na lile pazia nimenunua mimi, Idi iliyopita, sokoni, kwa hela taslimu. Nyerere asihusishwe.

Fundi Friji Chuno

😂😂😂 Uzi wa wiki huu.
Samahani mkuu, wewe ni ke au me? Nataka nijue pole yangu niiandikeje.

Mlezi wa Nyau

Pole ni pole tu. Mtu kaitwa mfuga majini hadharani, nyie mnauliza ke me!

Bwana Mifugo

Kabla ya majini, mshushe huyo paka umsafishe. Salfa inawasha macho na ngozi, na ikibaki kwenye manyoya ataila yote kwa kujilamba. Mpanguse vumbi kwa kitambaa kikavu kwanza, ndipo utumie maji ya uvuguvugu. Macho suuza kwa maji safi peke yake. Akikataa kula, kesho asubuhi mpeleke kwa daktari wa mifugo. Akipumua kwa shida, mpeleke hapo hapo, usingoje.

Kuhusu machepele, mpokeaji alidanganywa na matumaini yake. Paka wa umri huo yuko hivyo mpaka anafika mwaka na nusu, miwili hivi. Kuhasi kunapunguza uzururaji na kukojolea kuta, hakumwondolei mchezo. Alfajiri na magharibi ndizo saa zake za kuwinda, sasa kama hana cha kuwinda atawinda vidole vya miguu. Dawa ni kumchosha kabla: mfungie unyoya kwenye kamba, mkimbize dakika kumi au robo saa, mwisho mwachie AKAMATE, halafu hapo hapo mpe chakula. Atakula, atajilamba, atalala. Ukimkimbiza bila kumwachia akamate, unampandisha hasira tu. Na kamba ifiche mkimaliza. Paka akimeza uzi, utumbo unajikunja, hiyo ni kesi ya upasuaji.

Mwana wa Mikindani

Akimeza uzi huu wa leo je, daktari?

Bwana Mifugo

Huu utamkaba shingoni.

Mlezi wa Nyau

Asante Bwana Mifugo. Hayo yote nilimwambia! Na unyoya nilimpa, na kamba nilimpa! Kamba ndiyo aliyofungia mfuko!!! Nimeitambua sasa hivi, wakuu. Kamba yangu mwenyewe!

Kangomba Mstaafu

Hapo nimecheka, nakiri.

Lindi Kwetu

Sisi huku Lindi paka wetu wana adabu. Anakula dagaa wake, analala, anakuheshimu. Huko Mtwara kila kitu vurugu tangu mambo ya bomba la gesi 2013.

Kuchele Damu

Paka wa Lindi hawakimbii kwa sababu mji unaisha kabla hawajapata kasi. Akikata kona mbili yuko baharini.

Lindi Kwetu

Bora bahari. Ndanda yenu iko wapi siku hizi?

Kuchele Damu

Na nyie mnajivunia Namungo ya Ruangwa. Panda basi nenda Ruangwa kwanza, ufike na matako yamekufa ganzi, ndipo useme ni timu ya kwenu.

Binti Rahaleo

Jamani jina Mwendokasi nalo mlibadilishe. Mwendokasi ya Dar watu wanaingoja kituoni mpaka wanazeeka. Huyo mwite Kimbunga.

Baba Mapacha Ligula

Mlezi, mimi niko serious, bado unamtoa? Nina mapacha wa darasa la sita, hawa watoto kutulia hawajui, jioni wanarusha mpira sebuleni mpaka mama yao anahamia kwa jirani. Nina paka jike wa miezi kumi, anatung'ata visigino kwa kukosa mwenzake. Madirisha yana nyavu. Panya sina, kwa hiyo kazi ya stoo hakuna. Mapazia pia sina, natumia kanga.

Mlezi wa Nyau

Kanga nazo anapanda, nakwambia mapema usije ukaniletea mfuko. Ndege wa tunduni unao? Paka mzee je? Mzee hataki fujo, wataumizana.

Baba Mapacha Ligula

Ndege hakuna. Mzee ni mimi.

Mlezi wa Nyau

Njoo PM. Ila kwanza niseme hivi, maana haijaniisha: angesema "mwanangu, paka huyu simuwezi", ningempokea kwa mikono miwili na maji ya kunywa ningempa. Paka kurudishwa ni kawaida, hata kwangu kurudisha ni ruhusa, nawaambia wote. Sasa "chukua jini lako" inatoka wapi? Na kidole kile! Kidole kilikuwa kinatetemeka kwa uhakika!

Bwana Mifugo

Baba Mapacha, ukimchukua usiwakutanishe hapo hapo. Mpe chumba chake siku kadhaa, wanusane kwa chini ya mlango, ubadilishane matandiko yao. Wakiacha kufokeana ndipo ufungue. Na sehemu za juu za kupanda ziwepo, hata ubao juu ya kabati. Dagaa usimpe wote kwenye sahani, tia wengine ndani ya boksi lenye matundu awatoe kwa mkono wake. Akili ikichoka na mwili unachoka.

Fundi Friji Chuno

Yaani paka anacheza na dagaa ndani ya boksi, mimi dagaa siwaoni tangu mwezi uliopita.

Kangomba Mstaafu

Hebu niseme na langu, kwa sababu hapa mtu analia kurudishiwa, mimi sikurudishiwa kitu. 2018 wanunuzi walileta bei ya kuchekesha, nikamkabidhi shemeji magunia yangu ya korosho ayatunze, nikaenda Masasi kuuguza. Narudi, kauza kangomba, yaani kwa walanguzi wa mtaani. Yote! Novemba ile ile Magufuli anatangaza serikali inanunua 3,300 kwa kilo, jeshi linaingia kubeba korosho. Shemeji amekaa na mimi, redio moja, anatikisa kichwa anasema, "Dah, bora tungesubiri." TUNGE. Sisi na nani?

Pweza wa Kukaanga

Hiyo "tunge" imeniuma mimi hapa nilipo.

Mkwe Mvumilivu

Ukoo wa mke ni mtihani. Mimi nimepigiwa simu sasa hivi, naulizwa kwa nini nimetangaza pazia mtandaoni.

Binti Rahaleo

Kwa hiyo anasoma uzi?? Shikamoo mama.

Kuchele Damu

Shikamoo mama. Sufuria zile turudishie.

Mlezi wa Nyau

Wakuu, paka kashuka! Nimempangusa, nusu mweupe nusu njano. Turudi kwenye mada tafadhali. Yule kijana wa bodaboda kanipigia, anasema njia nzima mama alikuwa anasoma dua, akifika kwenye tuta paka analia, yeye anapandisha sauti. Halafu anakuja kunambia mimi...

Mwana wa Mikindani

Kangomba, shemeji alikulipa lakini?

Kangomba Mstaafu

Alinipa jogoo.

Pweza wa Kukaanga

😂😂 Mimi basi. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara imekatika huko Kilwa, tumelala njiani. Nina ming'oko, vile viazi vya porini, niliyofungiwa na bibi nipeleke Dar. Nashtuka usingizini, jirani yangu wa siti anamenya. Namuuliza, kaka, hiyo ya nani? Ananiambia, "Karibu."

Baba Mapacha Ligula

ALIKUKARIBISHA chakula chako?

Pweza wa Kukaanga

Na chumvi akaniomba.

Fundi Friji Chuno

Huyo ndiye jini sasa.

Mlezi wa Nyau

Jamani, mfuko ulikuwa na mafundo MATATU.

Mwana wa Mikindani

Ming'oko fungu bei gani sokoni siku hizi? Nimepata hamu ghafla.

Lindi Kwetu

Ming'oko ya kweli inatoka kwetu Lindi. Ya Mtwara ni mizizi tu mnachemsha.

Kuchele Damu

Hapo sasa umenitafuta. Timu nimekuachia, mji nimekuachia. Hili silali nalo, nafungua uzi wake sasa hivi.