Je, Renesansi ilizaliwa na kuanguka kwa Konstantinopoli?

Mleta mada (mwalimu wa historia):
Ndugu zangu, shuleni tulikaririshwa kwamba Waturuki walipouteka mji wa Konstantinopoli (Istanbul ya leo), uliokuwa mji mkuu wa dola ya Wagiriki, tarehe 29 Mei 1453, wasomi wa Kigiriki walikimbilia Italia na vitabu vyao, na hapo ndipo Renesansi, ule mwamko mkubwa wa sanaa na elimu Ulaya, ikazaliwa. Nimelifundisha jambo hilo miaka mingi. Leo silikubali tena.

Tazameni miaka. Mchoraji Masaccio alichora kuta za kikanisa cha Brancacci, mjini Firenze, Italia, katika miaka ya 1420, na watu wake wana uzito na vivuli, wamesimama ardhini kweli. Msanifu majengo Brunelleschi alianza kujenga kuba la kanisa kuu la mji huohuo mwaka 1420; kanisa likatabarukiwa 1436. Kule Ghent, katika Ubelgiji ya leo, mchoraji Jan van Eyck alimaliza picha kubwa ya altare mwaka 1432, kwa rangi za mafuta ambazo mpaka leo zinang'aa. Konstantinopoli inaanguka, wote watatu wako kaburini!

Na Kigiriki? Chrysoloras, msomi wa Kigiriki kutoka Konstantinopoli, alianza kukifundisha Firenze mwaka 1397. Aliitwa na kulipwa, hakukimbia.

Mchangiaji wa kwanza:
Mwalimu, kwenye picha sina ubishi. Kwenye vitabu napinga. Kadinali Bessarion, Mgiriki, aliposikia mji umeanguka alianza kutafuta kila kitabu cha Kigiriki kilichoweza kuokolewa, na mwaka 1468 akaukabidhi mji wa Venezia hazina yote. Argyropoulos, msomi mwingine wa Kigiriki, naye alipoteza mji wake, akaishia Firenze akifundisha falsafa ya Aristotle. Hawa ni watu waliofiwa na nchi. Ukishikilia tarehe tu, unawafuta.

Mchangiaji wa pili:
Mimi linaloniudhi ni hili: simulizi hiyo inamfanya Mturuki kuwa mchomaji tu wa vitabu. Sultani Mehmed wa Pili, yuleyule aliyeuteka mji, aliomba mchoraji kutoka Venezia, na mwaka 1479 akapelekewa Gentile Bellini. Picha ya sultani yenye tarehe ya 1480 ipo London. Sanaa ilivuka bahari kwenda mashariki pia, na vitabu vyetu havisemi.

Mleta mada:
Hilo la Bellini nimelipokea kwa mikono miwili, sikuwahi kulifundisha. Kuhusu Bessarion, ndugu yangu, kumbuka alifika Italia mwaka 1438 kwa ajili ya mtaguso wa Ferrara na Firenze, mkutano wa kuyapatanisha makanisa ya Mashariki na Magharibi, akateuliwa kadinali 1439. Mlango ulikuwa wazi miaka 14 kabla ya anguko. Ila umenigusa uliposema nawafuta. Vitabu alivyovikusanya baada ya 1453 vingeweza kupotea kabisa, na hilo ni deni la anguko lenyewe, si la Chrysoloras. Basi nasahihisha kauli yangu: anguko halikuzaa Renesansi, lilimpa Bessarion sababu ya kuharakisha. Kama kuna mwenye ushahidi wa mchoraji hata mmoja wa Firenze aliyebadili mtindo wake wa kuchora kwa sababu ya 1453, aulete hapa tuupime.