Ushauri: Subaru STI iliyotoka Japani, hapa Mwanza nijaze petroli ipi?

Msukuma_wa_Igoma
Wakuu, mwangaluka. Nimeipata Impreza STI ya 2008, umbo la GRB, injini EJ207. Imetoka Japani moja kwa moja, haijachokonolewa na mtu, kila kitu ni cha kiwandani. Ndani ya kifuniko cha tenki kuna kibandiko cha Kijapani. Nimekipiga picha nikakitafsiri kwa simu, kinasema petroli isiyo na risasi, daraja la juu.

Sheli nyingi za hapa mjini zina petroli ya aina moja tu. Chache zinauza ile iliyowekewa dawa, bei iko juu kidogo. Asubuhi gari inavuta vizuri sana. Mchana jua likiwaka, nikiwa na abiria, nikakanyaga mafuta kwenye gia ya nne mwendo ukiwa mdogo, nasikia mlio kama changarawe zinatikiswa kwenye kopo. Sekunde chache tu, halafu nguvu inapungua.

Gari hii nimeitafuta kwa muda mrefu na nataka nikae nayo. Nilipie hiyo ya bei juu? Vile vichupa vya kuongeza okteni vinasaidia kweli?

Fundi_Nyakato
Mkuu, kwanza acha kuikanyaga kwenye gia kubwa mwendo ukiwa mdogo, kuanzia leo. Huo mlio ni injini kugonga. Mchanganyiko unajilipukia wenyewe ndani ya silinda badala ya kuungua kwa mpangilio kutoka kwenye plagi.

Okteni haiongezi nguvu kwenye mafuta. Ni kipimo cha uwezo wa petroli kuvumilia mgandamizo na joto bila kujilipua. Kiwango cha Japani kwa petroli ya daraja la juu, wanayoiita haioku, kinaanzia RON 96 (RON ni namba ya okteni), na kwenye pampu zao huwa karibu 100. Ya kawaida kwao inaanzia 89. Waliotengeneza STI yako walipanga taimingi (wakati plagi inapowasha moto) na presha ya turbo (feni inayosukuma hewa kwenye injini) wakitegemea ile ya juu, ndiyo maana injini ya lita 2 ikatoa nguvu farasi 308.

Sensa ya noki ikisikia mlio, kompyuta inarudisha taimingi nyuma. Hapo ndipo unapoona nguvu zinapungua. Lakini inarudisha baada ya injini kugonga, haizuii kule kugonga kwa kwanza. Kwenye hizi injini za Subaru kinachoumia mapema ni pistoni, pale kwenye kuta nyembamba kati ya ringi na ringi. Ikifika huko unashusha injini nzima.

Tafuta mtu mwenye laptopu asome namba ya kuzidishia taimingi. Ikiwa 1, kompyuta inaridhika na mafuta. Ikiwa chini ya hapo, imeshakata tamaa nayo.

Dereva_wa_Mara
Mimi nina Forester ya turbo. Nikivuka Sirari najaza upande wa Kenya, narudi na madumu mawili. Inatembea safi.

Dada_wa_Pasiansi
Kaka, hayo madumu ndani ya gari hapana. Mvuke wa petroli kwenye joto la barabara ya Bunda hadi Lamadi hauhitaji cheche kubwa. Tafadhali acha.

Nimefanya kazi kwenye biashara ya mafuta, niseme ninachokijua. Petroli ya nchi hii inaagizwa kwa pamoja kupitia PBPA, wakala wa serikali wa uagizaji wa mafuta, kwa hiyo mafuta ya msingi kwenye sheli tofauti mara nyingi yametoka kwenye meli ileile. Kinachotofautiana ni dawa anayoongeza muuzaji na jinsi anavyotunza matenki yake. Hiyo dawa kwa kawaida ni ya kusafisha nozeli na valvu. Ni kitu kizuri, lakini haimaanishi okteni imepanda. Muulize meneja akuonyeshe RON kwenye karatasi ya mzigo. Asipokuwa na namba, unalipia usafi tu.

Halafu kuna vinasaba, yaani alama maalumu inayochanganywa kwenye mafuta. Vinatambulisha mafuta yaliyolipiwa kodi na kuwabaini wanaochakachua, havipimi okteni. Uchakachuaji wa mafuta ya taa ulipungua baada ya kodi yake kupandishwa 2011, lakini kwa gari kama yako hata kiasi kidogo kinaumiza, maana okteni ya mafuta ya taa iko chini mno. Chagua sheli yenye magari mengi, isiyokaa na mzigo muda mrefu, uishikilie hiyohiyo.

Kijana_wa_Kirumba
Mbona wataalamu wa Marekani mtandaoni wanajaza 91 kwenye STI na hawalalamiki? Na sisi tuko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, okteni ndogo inatosha.

Fundi_Nyakato
Wao wanahesabu wastani wa RON na MON, kipimo kingine cha okteni kilicho kikali zaidi. 91 yao inakaribia RON 95, na STI za kwao zimepangwa kwa hiyo. Suala la mwinuko ni kweli kwa IST au Carina zisizo na turbo. Kwenye turbo inapungua maana, kwa sababu turbo inazunguka zaidi kufidia hewa iliyopungua, na hewa inaingia ikiwa na joto zaidi.

Vichupa: soma lebo vizuri. "Pointi 20" maana yake ni okteni 2, siyo 20. Vyenye manganizi vinaacha utando mwekundu kwenye plagi. Kwa kila tenki ni gharama isiyo na mwisho.

Msukuma_wa_Igoma
Imesomwa leo. Namba ni 0.69.

Fundi_Nyakato
Basi hiyo gari inaomba ramani mpya ya kompyuta, yaani mpangilio mpya wa injini, presha ishuke kidogo na taimingi ilegezwe kwa petroli ya hapa. Utapoteza nguvu farasi kadhaa, pistoni zitabaki. Kabla ya hapo fungua bomba za intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) uangalie kama kuna oili, maana oili ikiingia kwenye silinda inashusha okteni vilevile. Badilisha plagi. Kisha jaza kwenye sheli uliyoichagua matenki mawili mfululizo, ndipo uende kwa mtu wa laptopu, apime kwa mafuta utakayoyatumia kila siku. Afanye mchana, joto likiwepo.