Bustani kabla ya jalidi: tufyeke au tuache?

Ndugu zangu, salaam. Huu ndio mwaka wetu wa kwanza katika nyumba yenye bustani. Nyanya bado ni mbichi, majani ya miti yamejaa uani, na usiku baridi inazidi, jalidi (umande unaoganda kuwa barafu) haiko mbali. Tufyeke kila kitu?

---

Dada, fyeka unachotaka lakini usiache udongo mtupu. Nakuomba hilo kuliko yote. Udongo ulio wazi huoshwa rutuba na mvua, kisha kila ukiganda na kuyeyuka huinuka na kushuka, hadi mizizi michanga inasukumwa juu. Hayo majani ya uani ni mali. Yapitishe kwenye mashine ya kukatia nyasi, uyatandaze juu ya udongo kimo cha sentimita 5 hadi 10, mbali kidogo na mashina. Yakitandazwa mazima hushikana yakilowa, hewa haipiti.

Nyanya na pilipili hazihimili jalidi, hata usiku mmoja. Chuma zote mapema. Zilizoanza kubadilika rangi zitaivia ndani, hata bila jua. Mashina yenye ugonjwa yasiingie kwenye mboji. Yaliyo mazima yakate usawa wa ardhi, mizizi ioze humo humo.

Sukuma wiki usiing'oe! Ikipigwa na baridi hujaza sukari majanini, ikanoga zaidi. Na kama una tuta tupu, panda kitunguu saumu wiki chache kabla ardhi haijaganda: punje moja moja, ncha juu, kina cha sentimita 5 hivi. Kinahitaji baridi ili kigawanyike punje.

---

Kaka amesema vyema, ila mimi ningeanza na maji. Yakiganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9, na bomba hupasuka. Ondoa mpira wa kumwagilia, funga valvu ya ndani, kisha fungua koki ya nje maji yaishe, uiache wazi.

Mimea isiyopukutisha majani imwagilie ishibe kabla ardhi haijaganda. Watu wengi hudhani imeuawa na baridi, kumbe ni kiu: upepo unaendelea kunyonya maji majanini na mizizi haiwezi kuvuta mengine. Kupogoa kungoje, maana mti ukikatwa sasa unaweza kuchipua, na machipukizi hayo hayatapona. Vyungu vya udongo hunywa maji vikapasuka. Vitupu viingize ndani.

---

Asanteni sana, nimeshaondoa mpira. Je, mlimau ulio kwenye chungu, nao niufunike majani?

---

Hapana dada, huo uingie ndani leo kabla ya usiku. Kagua kwanza chini ya majani uoshe wadudu, uuweke penye mwanga mwingi, mbali na hita, na upunguze kumwagilia.