Ward of Protection mkononi mwa Agnes Baker: hofu ikienda kwenye Holy Rosary, uwezo wake unaamka?

KomweNyeusi (Unguja) anauliza:

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Mimi na mtoto wa ami yangu hukutana kila Alkhamisi baada ya Isha, hapa Kikwajuni, kucheza Arkham Horror: The Card Game, ule mchezo wa karata wa kutisha uliotolewa na Fantasy Flight Games mwaka 2016, ambao wachezaji hawashindani bali hushirikiana dhidi ya mchezo wenyewe. Alama za hofu za kwenye boksi tumeziweka kando na badala yake tunatumia komwe za bao, kwa sababu zina uzito na hazipeperuki feni ikiwa inazunguka.

Wiki iliyopita tulikuwa katika kisa cha kwanza, The Gathering, mimi nikicheza mpelelezi Agnes Baker na mwenzangu mpelelezi Roland Banks, sote wawili tupo darini, yaani kwenye karata ya Attic, na ushahidi bado umebaki pale. Ilipofika awamu ya Mythos, ambapo kila mchezaji huvuta karata ya balaa, mwenzangu alianza kuvuta na kupata Swarm of Rats, maadui ambao wakamkabili yeye. Mimi nikavuta Ancient Evils, nikaibatilisha kwa Ward of Protection, karata ambayo baada ya kubatilisha humtaka mchezaji achukue hofu 1. Agnes alikwisha kuwa na komwe 4 na akili yake ni 8 (hofu zikifika 8 anatoka mchezoni), kwa hiyo komwe ya tano niliiweka juu ya Holy Rosary, nyenzo yangu iliyokuwa mezani, kisha nikataka kuutumia uwezo wa Agnes kuwapiga wale panya jeraha 1. Mwenzangu alikataa katakata, na tulikaa karibu nusu saa tukibishana hadi kahawa ikapoa.

Nina maswali mawili. La kwanza, nani alikuwa na haki? La pili, kwa maoni yenu, Ward of Protection inastahili nafasi mbili katika fungu la Agnes? Mwenzangu anaiona kuwa ni hasara: unatoa karata, unalipa rasilimali 1, na bado unaumia.

Mwana wa Mkoani (Pemba) anajibu:

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Katika swali la kwanza haki ni ya mtoto wa ami yako, na jawabu limo katika maneno ya karata mbili yanayofanana lakini si mamoja.

Ward inakuambia *uchukue* hofu 1. Karata ya Agnes haizungumzii kuchukua. Inasema kwamba baada ya hofu 1 au zaidi *kuwekwa juu ya Agnes Baker*, unaweza kumtia jeraha 1 adui aliyepo mahali ulipo, na uwezo huo una mpaka wa mara moja kwa kila awamu. Kanuni zinaigawa hofu katika hatua mbili: kwanza mpelelezi anayeichukua huipangia mahali pa kwenda, ama kwake mwenyewe ama kwa nyenzo zake zilizo na akili, kisha hofu yote huwekwa kwa pamoja pale ilipopangiwa. Holy Rosary ina akili 2, kwa hiyo ulikuwa na ruhusa kamili ya kuipelekea komwe ile. Hata hivyo, ulipofanya hivyo Agnes alichukua hofu bila ya hofu kuwekwa juu yake, na sharti la uwezo wake halikutimia. Wewe una bahati ya kutumia komwe halisi: angalia imekaa juu ya karata gani, na hapo ndipo penye jawabu.

Ni vyema ujue pia upande wa pili wa kanuni hiyo, ambao wachezaji wengi wa Agnes wanauacha upite. Maneno "hofu 1 au zaidi" yana maana kwamba hofu 1 inatosha kuuamsha uwezo, na hofu 3 haziuamshi mara tatu. Chukua mfano wa Rotting Remains, inayokupa jaribio la nia lenye ugumu wa 3 na hofu 1 kwa kila pointi uliyopungukiwa. Ukishindwa kwa pointi 2, iweke komwe moja juu ya Rosary na ya pili juu ya Agnes. Utakuwa umemwepusha Agnes na nusu ya hofu na adui bado anapata jeraha lake. Hofu moja peke yake, kama ile ya Ward, haigawiki, na hapo lazima uchague kati ya kumlinda Agnes na kumpiga adui.

Kuna watu wanaokimbilia ile kanuni inayosema kwamba mkishindwa kukubaliana, mchague tafsiri iliyo mbaya zaidi kwenu. Kanuni hiyo ipo kweli, lakini ni ya pale maandishi yanaponyamaza, na hapa hayakunyamaza.

Bint Vuga anajibu:

Nami nichangie swali la pili, kwa sababu neno "hasara" linanikera kila ninapolisikia likitumiwa kwa karata hii.

Katika mchezo huu kila mpelelezi ana vitendo 3 katika zamu yake, na kwa kitendo kimoja unaweza kuvuta karata 1 au kupata rasilimali 1. Hicho ndicho kipimo changu: kila kitu nakigeuza kuwa vitendo. Ward inakugharimu karata 1 na rasilimali 1, yaani kiasi cha vitendo 2, pamoja na hofu. Kuicheza hakuli kitendo, na adui aliyekukabili hapati nafasi ya kukupiga unapoicheza. Sasa tazama ulichokibatilisha. Ancient Evils inaongeza alama 1 ya maangamizi kwenye ajenda, karata ya kuhesabu muda inayoongezwa alama 1 kila duru, ikiwa ni sawa na kuiba duru nzima kwa kila mtu aliyeko mezani. Mkiwa wawili, duru moja ni vitendo 6. Mkiwa wanne, ni 12. Sijui karata nyingine ya daraja la sifuri (isiyodai pointi za uzoefu) inayolipa kiasi hicho kwa bei hiyo.

Kwa Agnes hesabu inazidi kunoga, kwa sababu ile hofu ambayo mwenzako anaihesabu kuwa ni adhabu, kwake yeye ni silaha. Jeraha 1 lisilohitaji jaribio wala kutia mkono mfukoni kutoa kete (zile zinazoongeza au kupunguza namba yako katika jaribio) ni jambo la thamani kubwa mno, khasa kwa adui mwenye afya 1 kama panya wale. Tena alama yake ya nyota inapotoka mfukoni, Agnes anapata +1 kwa kila hofu iliyo juu yake. Kwa hiyo komwe 4 zile hazikuwa zimekaa bure.

Ninalokushauri ulifikirie upya ni Holy Rosary yenyewe. Najua inaongeza nia kwa 1, na kwa Agnes mwenye nia 5 kufikia 6 ni raha. Lakini inachukua nafasi ya pambo, na Agnes anayo karata yake mwenyewe, Heirloom of Hyperborea, inayoitaka nafasi hiyohiyo moja. Ukiwa na Heirloom mezani, kila unapocheza karata yenye sifa ya uganga unavuta karata 1, na Ward ina sifa hiyo. Maana yake karata uliyoitoa inarudi mkononi, na bei yote inabaki rasilimali 1 na hofu 1. Mimi huitumia Rosary mwanzoni, inapokuwa ndiyo iliyonijia mapema, kisha ikikaribia kujaa komwe naiacha itolewe kwa kuiweka Heirloom mahali pake.

Ami wa Baraza (Wete) anajibu:

Naafikiana na Bint Vuga katika mengi, ila naomba niweke mipaka, kwa kuwa nimeona watu wakiipa Ward kazi isiyo yake.

Ward ya daraja la sifuri inafanya kazi kwa karata ya hila (balaa lisilo adui) uliyoivuta wewe. Angekuwa mwenzako ndiye aliyevuta Ancient Evils, ungelibaki na Ward yako mkononi ukitazama. Haimzuii adui, kwa hiyo wale panya haikuwahusu, na haigusi karata za udhaifu. Aidha, inachobatilisha ni athari ya ufunuo tu, yaani ile inayotokea karata inapovutwa. Kama karata ya hila imeandikwa neno la kukulazimisha kuvuta nyingine baada yake, yaani Surge, neno hilo linabaki na utavuta. Tofauti ni pale Surge inapotolewa na ufunuo wenyewe, kama ilivyo kwa False Lead katika kisa cha pili, inayoipata Surge iwapo huna ushahidi. Hapo ukibatilisha ufunuo, na Surge inakufa pamoja nao. Na karata iliyobatilishwa bado inahesabiwa kuwa imevutwa, huenda kwenye rundo la zilizotupwa kama kawaida.

Kuhusu hesabu ya vitendo 6, ni sahihi muda unapokuwa mali. Ajenda tatu za The Gathering zina mipaka ya maangamizi 3, 7 na 10. Katika ajenda ile ya kwanza yenye mpaka wa 3, alama moja ya ziada ni pigo zito. Lakini mkiwa mmebakiwa na duru moja kumaliza kazi na ajenda ina nafasi ya alama tano, Ancient Evils haina kitu, na bora Ward uihifadhie Crypt Chill, ambayo ukishindwa jaribio lake la nia lenye ugumu wa 4 inakutupia nyenzo moja, na pengine nyenzo hiyo ni Shrivelling, uganga wako wa kushambulia, uliyoilipia rasilimali 3.

Na liko jambo moja darini pale ambalo hakuna aliyeligusa. Hata kama ungemwekea Agnes komwe ile, nisingewaua wale panya. Roland anapomshinda adui yeye mwenyewe hupata ushahidi 1 wa mahali alipo, mara moja kwa duru. Mapambano yake ni 4 na panya wana 1. Katika mfuko wa kiwango cha kawaida wenye kete 16, kinachomwangusha ni ile ya −4 na ile ya kushindwa moja kwa moja, yaani kete 2. Kwa kitendo kimoja angeliua panya na kuokota ushahidi. Agnes akiwaua, Roland anaokoa kitendo hicho, lakini itabidi akitumie kuchunguza ili apate ushahidi uleule, tena kwa uwezo wa uchunguzi ambao kwake ni 3 tu.

KomweNyeusi (Unguja):

Ahsanteni sana nyote. Nimemsomea mtoto wa ami yangu jawabu la Mwana wa Mkoani neno kwa neno, na amefurahi kuliko nilivyotaraji. La Roland limetushtua sote wawili, kwani ni kweli kwamba zamu iliyofuata aliwaua panya na kuokota ushahidi, nasi tukaichukulia kuwa ni bahati.

Limebaki dogo. Shrivelling inanipa hofu 1 ikitoka alama ya fuvu, ya mwabudu, ya kibao au ya kushindwa. Ni mara ngapi niitegemee hofu hiyo kumwamsha Agnes?

Bint Vuga:

Katika mfuko huo wa kete 16 wa The Gathering kuna mafuvu 2, mwabudu 1, kibao 1 na ya kushindwa 1. Jumla ni 5 katika 16, chini kidogo ya mara moja kwa kila mashambulizi matatu. Usiijengee mpango, ichukue inapokuja. Ile ya Ward unaijua kwa yakini, na kwa kuwa moja hutokea awamu ya Mythos na nyingine awamu ya upelelezi, mpaka wa mara moja kwa awamu hauzigonganishi: katika duru moja zote mbili zinaweza kumpiga adui, mradi komwe zote mbili umeziweka juu ya Agnes.

KomweNyeusi (Unguja):

Nimeelewa. Alkhamisi naanza na Ward mbili na Heirloom, na Rosary nitabakisha moja tu.