Mwalimu wetu wa kilimo cha baiodinamiki kafariki, ukoo unataka kufukua pembe na kuchoma madaftari, tufanyeje?

Mwananachingwea:
Wakuu habari za jioni, naomba mawazo yenu. Mzee aliyetufundisha kilimo cha baiodinamiki (aina ya kilimo hai, hakuna mbolea za dukani, udongo unaulisha mboji na vitu unavyoandaa mwenyewe) huku Nachingwea alitutoka kabla ya masika. Mrithi ni mpwa wake, na sasa watu wamemjaza maneno kwamba mzee alikua anazindika shamba, kisa zile pembe za ng'ombe alizokua anafukia, so anataka zifukuliwe na madaftari yote yachomwe baada ya arobaini.

Kwa wasioijua hii kitu: unachukua pembe ya ng'ombe jike aliyewahi kuzaa, unaijaza kinyesi kibichi cha ng'ombe, unaifukia miezi kadhaa, ikitoka mle ndani kumekua cheusi hakinuki hata kidogo. Unachota kidogo tu unatia kwenye ndoo ya maji unakoroga lisaa lizima, unazungusha upande mmoja mpaka maji yafanye shimo katikati, unageuza upande wa pili, basi hivyo hivyo, jioni unanyunyizia ardhini. Kule Ulaya wanafukia kipindi cha baridi yao, mzee yeye alikua anafukia mwishoni mwa masika udongo ungali na unyevu, pembe zinapita kipupwe zikiwa chini.

Sasa tuokoe nini hasa? Wenzangu wengine wanasema pembe ziende tu, tubaki na mboji.

Kitangari_Juu:
Pole sana mkuu. Mimi nasema ukweli wangu, pembe waachieni wafukue. Uswisi kuna majaribio yanaendelea tangu 1978, wameweka baiodinamiki, kilimo hai cha kawaida na kilimo cha mbolea za dukani, yote kwenye ardhi moja. Mavuno ya kilimo hai na baiodinamiki yalikua chini kwa kama asilimia 20 ila mbolea iliyotumika ni pungufu na udongo una uhai kuliko ule mwingine. Lakini uhai huo ni wa pembe au ni wa samadi na mboji? Hapo ndo watu wanabishana mpaka kesho. Na huku kwetu ng'ombe wenyewe tulikua hatuna, mbung'o walitunyima, wamekuja juzi juzi na wafugaji, leo unaniambia nitafute pembe nifukie huku jirani ananichungulia? Hapana aisee.

Mama Ufuta:
Kitangari hayo ya Uswisi sawa, ila mwanangu kauliza habari ya mpwa. Mwanangu, usiende na maneno ya sayansi pale, hawatakusikia. Nendeni wakubwa wawili watatu, mkae na mama yake, maana ndugu wa kike ndo mwenye kauli kwenye ukoo, mumwombe pembe mzifukue NYIE mbele yao. Wakiona ndani ni mavi ya ng'ombe tu, hakuna hirizi hakuna nini, nusu ya maneno yataisha palepale. Ukiwaachia wafukue wenyewe usiku hiyo ni kesi nyingine.

Madaftari ndo msikubali hata kidogo. Yana nini lakini?

Mwananachingwea:
Asante mama. Yana kila kitu, mvua ya kwanza kila mwaka ilinyesha lini, ufuta ulipandwa lini ukaotaje, mikorosho ipi ilianza kushikwa na ubwiriunga (ule ugonjwa wa ukungu mweupe) na wiki gani, miti ipi aliwahamishia maji moto, wale sisimizi wekundu, ili wadudu wanaoitwa mbu wa mikorosho wapungue (hii hata kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele wameshaifanyia utafiti, sio uganga jamani). Na salfa, ile dawa ya unga ya ubwiriunga, alikua anapuliza, watu wanadhani kilimo hai kinakataza salfa, hakikatazi, alikua anasema kagua kwanza ubwiriunga umefika wapi ndo upulize, usipulize kwa kuwa jirani kapuliza.

Bwana_Mboji Lindi:
Hapo kwenye daftari ndo penyewe. Huyo Rudolf Steiner aliyeanzisha haya mambo alitoa mihadhara 8 tu, Juni 1924, kijiji cha Koberwitz, enzi hizo Ujerumani na sasa ni Poland, Machi 1925 akafariki. Hata mwaka haukufika! Na aliwaambia wakulima wajaribu kwanza mashambani mwao kabla ya kutangaza. Yaliyobaki wamebeba wanafunzi, kina Ehrenfried Pfeiffer mpaka Marekani. Hata kalenda ya kupanda kwa kufuata mwezi wa angani mnayoisikia ni ya Maria Thun, yeye kaja nayo miaka ya 1960. Karibu yetu zaidi kuna Ibrahim Abouleish wa Misri, alianza shamba la baiodinamiki la SEKEM 1977 kwenye jangwa tupu, kafariki 2017 na mwanae anaendelea.

Kwa hiyo Kitangari, jaribu, usibishe. Gawa shamba vipande viwili, vyote mboji sawasawa, kimoja nyunyizia kingine acha, andika kwenye daftari lile lile la mzee ukurasa unaofuata.

Kitangari_Juu:
Hiyo nimeikubali. Ila mje mnisaidie kukoroga, lisaa lizima mkono wangu hauwezi.

Mwananachingwea:
Mama yake mpwa kakubali tuje Jumamosi asubuhi. Kwenye madaftari kasema tupige picha kwanza ndo aamue, anayeweza kuja na simu yenye kamera nzuri aniambie PM, kurasa ni nyingi na penseli imefifia.